Chanjo na maradhi katika madaftari mawili

Mhariri,

Wanaosifu kumbukumbu za afya za wilaya za miji ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 husahau kwamba kazi hiyo iligawanywa kati ya ofisi mbili. Tangu sheria ya 1889 ya kutoa taarifa za maradhi ya kuambukiza ilipoenezwa kila wilaya kwa sheria ya 1899, daktari aliyegundua ndui, dondakoo au homa ya matumbo alilazimika kumpelekea taarifa mganga mkuu wa wilaya, na daktari huyo alilipwa shilingi 2 na peni 6 kwa kila taarifa ya mgonjwa wake binafsi. (Surua, muuaji mkubwa wa watoto, haikuwamo katika orodha ya sheria hiyo ya 1889.)

Chanjo ya ndui ilifuatiliwa na afisa wa bodi ya kusaidia maskini, ambaye alipokea majina ya watoto kutoka kwa msajili wa vizazi, kisha akaandika mbele ya kila jina kama mtoto amechanjwa, amefariki, ameahirishiwa kwa cheti cha daktari, amehama asijulikane aliko, au mzazi amekataa kwa sababu za dhamiri, ruhusa iliyotolewa mwaka 1898 na kurahisishwa 1907. Kwa maoni yangu, safu ya waliohama ndiyo iliyostahili kutazamwa kwanza ndui ilipozuka, lakini aliyeihitaji zaidi, yaani mganga wa wilaya, hakuwa mwenye daftari.

Msomaji wako,
Morogoro