Jumamosi tunaanza mwezi wa kupunguza wanga

Habari za jioni wapendwa. Tunakutana Jumamosi hii saa 10 jioni, barazani kwangu Sinza. Mzani upo, mwenye futi kamba aje nayo tupime viuno.

1. Mchango ni shilingi 10,000, mwisho Alhamisi usiku, kwa mweka hazina. Tutanunua samaki kwa pamoja, soko la Feri.

2. Ugali, wali, chapati, mihogo, viazi na soda vinapumzika. Tunakula mayai, dagaa, samaki, kuku, mchicha, matembele, bamia na parachichi. Maharage kidogo tu, nayo yana wanga. Chai bila sukari, ndiyo, hata ya asubuhi (najua kelele zitaanzia hapa).

3. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amwone daktari wake KABLA ya kuanza. Ukipunguza wanga na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla. Wajawazito na wanaonyonyesha nao wamwone daktari kwanza. Kwa hili sina mzaha jamani.

Nahitaji wawili wa kwenda Feri alfajiri na mmoja wa kusaidia jikoni.

Tafadhali andika NIPO au SIPO hapa kabla ya kesho saa 2 usiku.

Katibu wenu