Silikoni nyekundu inatuulia injini za zamani

Bwana Mhariri,

Assalaam aleikum. Nipe kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa kooni, kila nikipita kwa mafundi wenzangu, iwe ni Majengo, Kongowea ama Changamwe, nalikuta lilelile.

Siku hizi vijana wamerudi kupenda pikipiki za kizamani, BSA Bantam, Triumph, Yamaha DT, Honda CG125 zile za kwanza zilizotoka 1976, mtu anaitoa kwa babu yake imeliwa na chumvi anataka iungurume tena na mimi nafurahi sana nikiona hivyo. Shida inaanza wakati wa kufunga injini. Kila kitu kinapakwa silikoni nyekundu, ile gundi ya tyubu ya kuzibia maungio, kesi ya krenki silikoni, kava ya klachi silikoni, hedi silikoni, mpaka kabureta jamani! Halafu inamiminwa oili yoyote iliyo karibu. Injini ikifa baada ya muda utasikia "aah hizi zishazeeka, nunua pikipiki mpya ya Boxer." Wallahi haikufa kwa uzee hiyo, imeuliwa.

Juzi nimefungua CG ya jamaa wa Kisauni ilokuwa yapiga kelele juu kwenye valvu. Kuchomoa chujio la oili nikalikuta limejaa vipande vyekundu kama minyoo, pampu yavuta haipati kitu, huku juu rokaamu, zile zinazosukuma valvu, zimekauka mpaka zimeliwa. Yaani fundi alopaka aliona silikoni imefura nje ya kava akaridhika kwamba imeziba, hakufikiria kwamba ilivyofura nje ndivyo ilivyofura ndani, na ile ya ndani ikikauka inakatika na kutembea na oili mpaka ipate tundu la kuziba.

Silikoni yenyewe si mbaya, ina mahali pake. Kava za bati zilizopinda pinda zataka kitu kinene cha kujaza nafasi, hapo paka. Lakini pikipiki hizi nyingi kesi zake ni aluminiamu juu ya aluminiamu, zimechongwa zikutane sawasawa, zinataka utando mwembamba tu, unapaka kwa kidole mpaka unakaribia kuona chuma chini yake. Hapo tafuta Hylomar, ile ya buluu ambayo Rolls-Royce waliitengenezea injini za ndege, haigandi kabisa kwa hivyo hata kesho ukitaka kufungua tena hupigani na nyundo. Au Yamabond, Hondabond, ThreeBond, hizo zinavumilia oili na petroli. Kuna na zile gundi zinazoganda pale tu hewa inapokatika kati ya chuma na chuma, Loctite 518 kwa mfano, na hizi mimi nazipenda kwa sababu ilozidi ikiingia ndani haigandi, inaoshwa na oili. Ila kesi iwe haina makovu, na makovu huletwa na bisibisi za kukwangulia gasketi za zamani, tumia wembe taratibu au kipande cha shaba, malizia na thina maana petroli inaacha mafuta mafuta.

Na tafadhali, ile silikoni ya hadwea ya kuzibia masinki na vioo vya madirisha, inayonuka siki, usiilete karibu na injini. Siki hiyo inakula aluminiamu. Halafu silikoni hukauka kwa unyevu wa hewani, na sisi hapa Mombasa unyevu tunao wa kugawa, ukishapaka halafu ukaenda kupokea simu, ukirudi ishashika ngozi juu, ukifunga hivyohivyo itavuja tu. Kwa petroli ndo kabisa, inavimba inakuwa jeli, kwa hivyo kwenye kabureta na bomba la tangi hapana. Hedi gasketi ya shaba nayo haitaki gundi, ichome mpaka iwe nyekundu uitie kwenye maji, inalainika, unairudisha.

Bantam na DT ni tu-stroki, yaani injini za mipigo miwili, na hapo kuziba si habari ya kuzuia oili kuchafua sakafu peke yake. Petroli na hewa zinabanwa ndani ya ile kesi ya krenki kabla ya kupanda juu, kwa hivyo pakivuja hata kidogo, kwenye maungio ama kwenye sili za krenki, injini inavuta hewa ya wizi, mchanganyo unakosa petroli, joto linapanda na pistoni inatoboka au inashika. Wengine wanakata karatasi ya gasketi wanaiweka katikati ya kesi ambayo kiwandani haikuwa na gasketi, hapo ushabadilisha nafasi ya krenki kucheza kushoto na kulia. Ilokuja bila gasketi ifunge bila gasketi.

Sasa oili. Huku pwani oili ya tu-stroki rahisi kupata ni ya boti, ukienda Likoni au Mtwapa wavuvi wanayo kila mahali, na mtu anaona tu-stroki ni tu-stroki. Angalia kopo, ikiandikwa TC-W3 hiyo ni ya mashine inayopozwa na maji ya bahari, haijatengenezewa joto la silinda inayopozwa na upepo kwenye foleni ya Makupa saa saba mchana. Ringi zinaganda kwenye mifereji yake. Pikipiki tafuta ilioandikwa JASO FC au FD, JASO ni alama ya viwango vya Kijapani.

Kwa injini za foo-stroki, yaani za mipigo minne, zenye klachi inayoogea oili tafuta JASO MA, alama iliyoanza 1998, au MA2 iliyokuja baadaye, usichukue MB, hiyo ni ya skuta zenye klachi kavu. Oili za gari nyembamba nyembamba zilizoandikwa kwamba zinaokoa mafuta zina dawa ya utelezi na klachi inaanza kuteleza, halafu mtu anabadilisha pleti bure. Joto letu hili 20W-50 inatosha. Wako wanaosema oili mpya zote zimepunguzwa zinki, ile dawa ya kulinda chuma kisisagike, kwa hivyo kamshafti, zile shafti zinazofungua valvu, zitaliwa, lakini ule mpaka wa API, taasisi ya mafuta ya Marekani, umewekewa oili nyembamba kama 5W-30 na 10W-30, 20W-50 haimo. Giaboksi yenye bushi za bronzi mimi naitilia oili ya gia ya GL-4, maana GL-5 salfa yake inaweza kuzila.

Wakati wa kufunga kamshafti paka grisi ya molibdenamu, ringi na silinda oili safi tu. Usiifunge kavu eti oili itafika yenyewe, zile sekunde za kwanza oili haijafika popote.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya spea hapa mjini. Mnatuletea silikoni nyekundu kabati zima lakini Hylomar mtu aagize Nairobi, na oili mnatupimia kutoka kwa mtungi usio na karatasi hata hatujui ni nini. Leteni tyubu ndogo ndogo, na oili tuuzieni kwenye kopo lake lenye sili. Tutanunua.

Fundi wa pikipiki kuukuu,
Majengo, Mombasa