Waandishi wa hadithi za dhahabu ya California wajifunze kwanza kuosha mchanga

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na waandishi wa hadithi za kihistoria kuhusu mbio za dhahabu za California. Hadithi hizi mara nyingi hufunguka kwa namna moja: mlowezi yumo mtoni anaosha mchanga, mwenyeji amejibanza nyuma ya jabali na upinde wake. Kwa mwaka 1848 picha hiyo haifai kabisa. James Marshall aliiona dhahabu Coloma tarehe 24 Januari mwaka huo, kwenye mfereji wa kiwanda cha kupasulia mbao cha John Sutter, katika nchi ya Wanisenan, wenyeji wa eneo hilo, na baadhi ya vibarua wa kiwanda hicho walikuwa wenyeji. Kanali Richard Mason, gavana wa kijeshi, alipoyazuru machimbo miezi michache baadaye, alikadiria kwamba watu zaidi ya 4,000 wako kazini, na zaidi ya nusu yao ni wenyeji. Hawakuwa nyuma ya majabali. Walikuwa ndani ya maji, wanachimba.

Mwandishi asiyeijua kazi hawezi kuwaona watu hawa. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji. Mchanga wa kawaida haufiki hata mara tatu. Mwoshaji hujaza karai, hulizamisha, huvunjavunja udongo wa mfinyanzi kwa vidole, huokota mawe na kuyatupa, kisha hulizungusha huku ameliinamisha kidogo ili maji yaondoke na mchanga mwepesi. Mwisho hubaki mchanga mweusi wenye chuma, na dhahabu chini yake. Udongo usipovunjwa vizuri, mabonge huenda na maji yakiwa na dhahabu ndani. Hodari wa kazi alimaliza karai 50 hivi kwa siku, amechuchumaa kwenye maji yaliyotoka kwenye theluji ya Sierra Nevada. Wenyeji wao walitumia pia vikapu vyao vya kusuka. Mkono uliozoea kupepeta mbegu kwenye ungo haukuwa na mengi ya kujifunza hapo.

Sanduku la kubembeza, ambalo nalo ni la kuoshea mchanga, ni habari nyingine. Juu lina chekeche la bati lenye matundu, chini yake turubai lililoinama, na sakafuni vibao vilivyokingamishwa vya kuzuia dhahabu. Huyu anachimba, huyu anabeba, huyu anamwaga maji na kubembeza. Maji yakizidi, dhahabu laini inatoka nje. Yakipungua, matope yanaziba vibao. Zebaki ilitiwa nyuma ya vibao ili ikamate vumbi la dhahabu, na wasomaji wa Geita na Chunya hawahitaji kuelezwa madhara ya moshi wake inapochomwa. Sasa mwandishi ajiulize: watu wa kuliendesha sanduku hili wanatoka wapi? Walowezi wenye mashamba walileta vikundi vya wenyeji wawachimbie, wakawalipa chakula, nguo na shanga. Kwenye maduka, baadhi ya wachuuzi waliweka jiwe la mizani zito kuliko la halali, la kupimia dhahabu ya wenyeji peke yao. Jiwe hilo moja linatosha sura nzima.

Yako na makosa madogo yanayoiua hadithi. Baruti ya dinamiti ilipata hataza mwaka 1867, kwa hiyo haiwezi kulipuka mwaka 1849. Mabomba ya kubomoa vilima kwa maji yalianza 1853. Vilemba virefu vya manyoya ni vya watu wa nyanda za mbali, mashariki ya milima. Tena tuachane na jina “Wahindi Wekundu”. Wanisenan, Wamiwok, Wapomo na Wayurok wana majina yao.

Jambo linalokosekana zaidi ni njaa. Chakula kikuu cha wenyeji wa vilima vile kilikuwa kokwa za mwaloni: zinakaushwa, zinatwangwa, unga unamwagiwa maji mara nyingi hadi uchungu utoke, ndipo unapikwa. Wachimbaji walikata mialoni kwa kuni na mbao, nyumbu na ng'ombe wao wakala nyasi zenye mbegu, na tope la machimbo likaharibu mito ya samaki aina ya samoni. Mwandishi anayeanza na ng'ombe aliyeibwa na wenyeji wenye njaa ameruka kurasa zote hizo.

Hata kesi mahakamani ina masharti yake. Sheria ya California ya mwaka 1850 ilisema mzungu hawezi kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwenyeji. Sheria hiyohiyo iliruhusu mwenyeji aliyeitwa mzururaji kukamatwa na kukodishwa kwa mwenye dau kubwa, kwa muda usiozidi miezi minne. Watu wa Kakamega watakumbuka jinsi sheria inavyoikimbilia dhahabu: ilipopatikana huko mwaka 1931, serikali ya kikoloni iligeuza mwaka 1932 sheria ya ardhi ya wenyeji iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu.

Na kuna mikataba. Mwaka 1851 hadi 1852 wajumbe wa serikali ya Marekani walitia saini mikataba 18 na wenyeji wa California, wakiwaahidi ardhi ya kukaa. Seneti ikaikataa mwaka 1852 na kuifungia kwa siri hadi 1905. Mtoto wa Kinisenan aliyezaliwa mwaka ule wa Marshall angekuwa na miaka 57 siku karatasi zile zinafunguliwa. Riwaya ya mtu huyo tungependa kuisoma kwa Kiswahili.

Wasomaji wa hadithi za kihistoria,
Mwanza