Hevi ya bass si hevi ya mkondo wa Pemba

Mhariri, assalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua, jambo lenyewe dogo kwa asovua lakini sie wa baharini linatutia hasara, nalo ni hizi fimbo za kuvulia ambazo vijana wetu skuizi wananunua kwa kusoma neno moja tu lilioandikwa juu ya mpini, hevi au midiam hevi (ndo kiwango cha ugumu wa fimbo), wakishaliona wanatoa pesa.

Mie navua huku Wete, nimekulia kwenye mshipi wa mkono na chubwi, fimbo nimeanza kuishika ukubwani. Mtoto wa dada yangu yeye kaanza na fimbo moja kwa moja, kajifunza kwenye simu, anawaangalia Wamarekani wanavovua samaki wao wa maji baridi wanaemwita bass (hata Kenya yupo, ziwa Naivasha, aliletwa enzi za ukoloni) na wanamvua kwa jigi, yaani chambo bandia cha madini chenye ndoana. Na wale jamaa takriban wote maneno yao mamoja, jigi inataka fimbo hevi, ikikosekana basi midiam hevi, ipinde nchani tu. Kijana kasikia, kajichanga miezi, kavuka mpaka Unguja kanunua hevi yake. Tukatoka nayo siku ya maji mafu, kaskazi imetulia bahari imelala kama sinia, nje ya kisiwa cha Fundo huko, kafunga jigi ya gramu 150 kaishusha pima 30 na ushei, akaanza kuipandisha kwa kuivuta vuta kama alivoona, mvuto wa tatu au wa nne, samaki hata hajagusa, fimbo ikalia ta! Imekatika juu kidogo ya katikati.

Nikavaa miwani nikasoma yale maandishi madogo ambayo dukani hakuna alomwonesha. Imeandikwa uzito wa chambo, aunsi nusu mpaka aunsi moja na nusu. Aunsi moja ni gramu 28 na kidogo, kwa hivo fimbo ile mwisho wake ni kama gramu 42, na sie tumeitundika 150. Hata ingekuwa ya dhahabu ingekatika.

Sasa Wamarekani hawakudanganya, na hapa ndo nataka vijana wanisikilize vizuri, maana ukijua kwa nini wao wanasema hevi utajua na wewe uchukue ipi. Jigi ya bass ni kitu chepesi, iliozoeleka ni gramu 10 mpaka 14, nzito yao labda 20 na kitu. Lakini ina ndoana moja nene, na mbele ya ndoana kuna kibrashi cha nywele ngumu za plastiki cha kuzuia isinase kwenye majani, kwa sababu bass anajificha kwenye magugu na miti iliozama. Samaki akila, inabidi kile kibrashi kilale na ile ndoana nene ipenye mdomo, halafu umng'oe kwenye magugu kabla hajajizungusha. Kazi hiyo ndo inataka fimbo ngumu. Uzito wa jigi haumo sana kwenye hesabu hiyo. Na hata wao wakiwa kwenye maji meupe yasiyo na majani, na kijigi cha gramu 7 chenye ndoana nyembamba, wanashuka wanachukua midiam, kwani fimbo ngumu na ndoana nyembamba, ama ndoana inakunjuka ama mdomo wa samaki unachanika.

Halafu hevi ni hevi ya nani? Rekodi ya dunia ya bass ni kilo 10 na kidogo, aliipata George Perry kule Georgia, Marekani, mwaka 1932, na haikufikiwa mpaka 2009 alipokuja Manabu Kurita wa Japani kwenye ziwa Biwa akampata wa karibu uzito ule ule. Yaani miaka 77 kilo 10! Kwetu kolekole wa kilo 20 akikamata mwambani wala hatuiti watu waje kumtazama. Neno hevi halina kipimo kimoja duniani, kila kiwanda kinajipimia chenyewe na kila aina ya uvuvi ina hevi yake, hevi ya bass ukiiweka pembeni ya fimbo ya jigi za baharini ilioandikwa midiam utaona ile ya bass ni kama ufito wa kuchezea.

Kwa hivo usome gramu. Fimbo za jigi za baharini nyingi zimeandikwa gramu za jigi, na nyengine zimeandikwa PE na namba, hiyo ni unene wa uzi wa kusukwa kwa hesabu za Kijapani, namba ikipanda uzi mnene zaidi na fimbo ngumu zaidi. Jua kwanza unavua pima ngapi na mkondo ukoje, hapo utajua jigi yako gramu ngapi, na jigi ndo itakuchagulia fimbo. Kijana anaesimama ufukweni kurusha vijigi vya gramu 20 mpaka 40 kutafuta kolekole wadogo, ile ile fimbo ya bass inamfaa sana, sitaki watu wadhani nimeitukana.

Kuna na hili la pili wanalolichanganya, ugumu na mkunjo. Ugumu ni nguvu ngapi zinatakiwa fimbo ipinde. Mkunjo ni inapinda wapi, nchani tu au mpaka shinani. Fimbo mbili zote hevi, moja inapinda ncha tu na moja inapinda kama upinde, na mkononi ni vitu viwili mbali mbali. Wazee wetu wa mshipi walikuwa na vyote viwili kwenye kiganja, samaki akivuta wanamlegezea kwa vidole, akichoka wanakaza, mkono ndo ulokuwa ugumu na mkono ndo ulokuwa mkunjo. Fimbo imechukua kazi hiyo tu. Na ukitumia nailoni inavutika, inakusamehe, uzi wa kusukwa takriban hauvutiki kwa hivo fimbo yenyewe ndo ilegee kidogo.

Ukiwa dukani na fimbo mbili za jigi za baharini hujui ipi ngumu, omba ufunge chupa ya maji ya nusu lita kwenye uzi uipitishe kwenye pete zote, unyanyue taratibu, kwanza hii halafu hii. Ile inayopinda kidogo ndo ngumu, na utaona kwa macho inapinda wapi. Muuza duka akikataa nenda duka jengine.

Ombi langu kwako mhariri, ukurasa wako wa michezo unaandika kila siku mpira, tupeni japo robo ukurasa wa uvuvi kwa wiki, muandike haya mambo kwa Kiswahili chetu. Na wenye maduka, bandikeni karatasi pembeni ya kila fimbo, jigi gramu kadhaa mpaka kadhaa. Yule mtoto wa dada yangu sasa anachanga tena, na safari hii namsindikiza mwenyewe.

Mvuvi wa mshipi,
Wete, Pemba