Asante kaka wa pale stendi ya Mbezi

Kaka uliyekaa pembeni yangu stendi ya Magufuli pale Mbezi, jina lako silijui ila Mungu akubariki sana. Simu mpya, bando lipo, data nimewasha, mnara umejaa na bado intaneti hakuna, WhatsApp inazunguka tu. Ukasema dada lete nikuangalizie, ukaingia setingi za laini, kule kwenye APN, yaani jina la njia ambayo simu inapitia kuingia intaneti, kulikuwa kutupu kabisa, ukaandika internet kwa herufi ndogo ukasevu, ukawasha kile kialama cha ndege ukakizima, hapohapo meseji zikaanza kumiminika jamani! Kumbe mama alishatuma picha za mwanangu aliyelazwa, anacheka. Hata soda ulikataa, ukakimbilia basi lako la Morogoro. Asante mno kaka yangu.