Asante dada wa La Lagunilla

Dada uliyenisaidia Jumapili ile sokoni La Lagunilla, Mexico City, jina lako sikulipata, ila asante sana. Nilitaka kumchoreshea mke wangu retablo, vile vipicha vya rangi ya mafuta juu ya bati ambavyo Wamexico humshukuru navyo mtakatifu baada ya kupona au kunusurika ajali. Wewe ndiye uliyemweleza mchoraji kwamba muujiza wenyewe ni mke wangu, aliyeniuguza malaria mpaka nikasimama. Basi juu kwenye wingu yupo Bikira wa Guadalupe, chini mimi kitandani, neti inaning'inia, na mama watoto kashika bakuli la uji. Maneno ya shukrani ya Kihispania uliyatunga wewe, tena bure! Kaitundika sebuleni. Pua yangu tu ndiyo imezidi.