Usimtoneshe kidonda

Mwanangu Rehema,

Jumatatu unaanza mafunzo kwa vitendo ya ustawi wa jamii, na umeniambia wengi watakaokujia ni watu wa Honduras, Guatemala na Venezuela wasio na makaratasi ya kuishi Marekani. Kazi hiyo nimeifanya hapa Texas miaka 12, na kuna siku moja ya mwaka 2023 inaniuma hadi leo.

Alikuja mama na mwanawe. Nikafungua fomu, nikauliza kwa Kihispania: mlipitia wapi? Walipita Darién, msitu ulio kati ya Colombia na Panama, ambao mwaka huo ulivukwa na watu zaidi ya 500,000. Akaanza kusimulia yaliyompata humo, mtoto amekaa pale pale, anasikia asiyoyajua. Ghafla mama akanyamaza, akakumbatia mkoba wake. Hawakurudi tena. Nilitaka kumaliza fomu, nikamtonesha kidonda mtu aliyekuja kuomba chakula.

Kwa hiyo mwanangu, anza na chakula. Mwache achague kiti; wengi hupenda kuuona mlango. Punguza kiyoyozi: vyumba vya mahabusu vya mpakani wao huviita hielera, jokofu, na kuna waliolala sakafuni humo na watoto wachanga. Mweleze utaandika nini na kwa nini. Kama huduma haihitaji hali yake ya uhamiaji, usiiandike kwenye faili kabisa.

Ujue pia sheria, maana hofu hupungua mtu akishika kitu cha kweli. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982, katika kesi ya hapa hapa Texas, kwamba mtoto asiye na makaratasi hanyimwi shule ya umma. Aliyeumizwa na uhalifu na akasaidia polisi anaweza kuomba viza ya U, kibali cha kukaa nchini, ila hutolewa 10,000 tu kwa mwaka, na foleni ni ya miaka. Hayo mpeleke kwa wakili, si kwa anayejiita notario. Kwao huyo ni mwanasheria mkubwa. Hapa ni mgonga mhuri tu, na wengi wameliwa akiba zao.

Tangu Januari 2025, agizo lililozuia ukamataji wa wahamiaji shuleni, hospitalini na makanisani limefutwa. Mtu asipotokea, usiandike "hakutoa ushirikiano". Mpigie. Huenda ameogopa kupanda basi.

Jioni ya Jumatatu nipigie na mimi, hata iwe usiku. Ya wateja usinisimulie. Niambie tu kama umekula.

Mama yako